SOMO LA MITAMBO: KUPIMA KIHISI CHA AKSELETA KABLA YA KUNUNUA KIPYA

Vyama vya ushirika vinavyomiliki mtambo wa kuchimbia, yaani ekskaveta, aghalabu huununua ukiwa umekwisha kutumika kwa miaka mingi ng'ambo. Mtambo wa namna hiyo huja na nguvu zake, lakini pia huja na nyaya zilizochoka na viungo vilivyofungwa na mafundi wasiojulikana. Kusudi la somo hili ni kuwawezesha wanachama, na hasa Halmashauri, kufahamu hitilafu moja inayokula fedha nyingi bila sababu: hitilafu ya umeme katika kihisi cha akseleta.

Mfano wa kufikiriwa

Chama kimoja cha Kiembe Samaki kina ekskaveta ya kukodisha kwa kazi ya misingi na mitaro. Asubuhi moja dereva anawasha injini, anazungusha swichi ya akseleta, lakini resi haipandi. Injini inabaki ikinguruma polepole, na mkono wa mtambo hauna nguvu ya kuvunja jiwe la matumbawe. Fundi anatazama kidogo, kisha anasema, "Kihisi kimekufa, kiagizwe kipya." Mteja anangoja, dereva anangoja, na mweka hazina anatakiwa kutoa fedha za spea itakayotoka nje ya nchi. Je, fedha zitolewe?

Jibu ni kwamba zisitolewe mpaka vipimo vifanywe na kuandikwa. Kihisi huweza kufa kweli, lakini mara nyingi kinachokuwa kibovu ni waya, plagi au ethi. Spea mpya ikifungwa juu ya waya mbovu, ugonjwa utabaki pale pale na fedha zitakuwa zimekwenda.

Jinsi kihisi kinavyofanya kazi

Mitambo ya zamani sana ilivuta akseleta kwa kebo ya chuma, na haikuwa na kihisi. Iliyokuja baadaye hutumia umeme. Betri mbili za volti 12 huunganishwa kupata volti 24. Kompyuta ya mtambo huzipunguza hadi kiasi cha volti 5 na kuzipeleka kwenye swichi ya akseleta. Swichi hiyo kwa kawaida ina nyaya tatu: wa kwanza huleta volti 5, wa pili ni ethi, na wa tatu hurudisha ishara kwa kompyuta. Dereva anapozungusha swichi, volti ya ishara hupanda au hushuka. Kompyuta huisoma, kisha huamuru mota ndogo ivute fito ya pampu ya mafuta. Mota hiyo nayo huwa na kihisi chake, kinachoiarifu kompyuta fito imefika wapi. Katika injini za karibuni zaidi fito haipo, na kompyuta huamuru mafuta yenyewe.

Kwa kuwa volti hizi ni ndogo, kasoro ndogo huleta madhara makubwa. Kiembe Samaki, penye uwanja wa ndege, si mbali na bahari. Upepo huleta chumvi, na masika huleta maji. Vitu hivyo viwili vikiingia ndani ya plagi, pini za shaba huota kutu ya kijani. Kutu hiyo huzuia umeme usipite, au maji ya chumvi huupitisha kutoka pini moja hadi nyingine pasipotakiwa. Aidha, mtikisiko wa mtambo huchubua nyaya, na panya huzitafuna mtambo ukilala muda mrefu.

Hatua za kupima

Kwanza, mtambo uegeshwe pahala tambarare, ndoo iteremshwe mpaka ardhini, na wenzo wa usalama ufungwe. Fundi atazame kwa macho kabla ya kushika mita: fyuzi, vichwa vya betri, ethi ya mwili wa mtambo, na kila plagi kutoka kwenye swichi hadi kwenye kompyuta. Pahala palipozungushiwa utepe wa zamani pafunguliwe.

Pili, swichi ya kuwashia ifunguliwe bila kuwasha injini, na mita ya umeme ipime waya wa volti 5. Ikiwa volti hazipo, kihisi kisilaumiwe bado. Kompyuta nyingi hugawa volti hizo kwa vihisi kadhaa, kama vile vya shinikizo la pampu, na kimoja kikiunguza waya wake huvinyima vyote. Hapo swichi izimwe, plagi ya kihisi kimoja ichomolewe, kisha ipimwe tena. Na ifanywe hivyo kwa kila kihisi mpaka volti zirudi. Kihisi kitakachozirudisha kwa kuchomolewa, au waya wake, ndicho chenye kosa.

Tatu, ipimwe ethi. Ncha moja ya mita iwekwe kwenye waya wa ethi wa kihisi, na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Mita ikionyesha zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti, ethi ina kasoro na yafaa kusafishwa kwanza.

Nne, ipimwe ishara. Dereva azungushe swichi polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika mitambo mingi volti huanza karibu na nusu volti na kuishia karibu na volti 4 na nusu. Watengenezaji wengine huweka kinyume, kwa hiyo kitabu cha mtambo ndicho hakimu. La muhimu ni kwamba volti iende taratibu. Ikiruka au kukatika katikati, njia ya ndani ya swichi imelika, na hapo swichi mpya ni haki kununuliwa.

Tano, ishara hiyo hiyo ipimwe kwenye plagi ya kompyuta. Ikiwa nzuri kwenye swichi na mbaya kwenye kompyuta, ubovu umo njiani. Waya utikiswe kidogo kidogo huku mita ikitazamwa. Ikiwa nzuri pande zote mbili, vipimo vihamie kwenye mota ya fito na kihisi chake. Mota ikisogea sawasawa na resi isipande, umeme hauna kosa. Zitazamwe fito yenyewe, chujio na njia ya mafuta.

Makatazo

Taa ya majaribio ya volti 24 isitumiwe kwenye nyaya za kompyuta, kwani huweza kuiunguza. Ukinzani usipimwe umeme ukiwa wazi. Waya usitobolewe kwa sindano, maana tundu hilo ndilo mlango wa chumvi. Ndoo isichomelewe kabla ya kutenganisha betri na, kama kitabu kinavyoagiza, plagi za kompyuta.

Matokeo ya mfano

Katika ule mfano, volti 5 zilikuwapo, ethi ilikuwa safi, na ishara kwenye swichi ilikwenda taratibu hadi volti 4.4. Lakini kwenye kompyuta ilikuwa sifuri. Waya ulipofuatwa, chini ya sakafu ya dereva kilikutwa kiungo cha zamani chenye utepe, na ndani yake shaba imekuwa unga wa kijani. Waya ulikatwa mpaka kwenye shaba inayong'aa, ukaungwa kwa risasi na kufunikwa vizuri. Resi ikapanda. Kilichohitajika kilikuwa kipande cha waya na subira ya saa chache, wala si spea ya ng'ambo.

Wajibu wa Halmashauri

Si lazima wajumbe wawe mafundi, lakini hapana budi wadai vipimo. Kila ombi la spea ya umeme liambatane na karatasi yenye tarehe, saa za kazi za mtambo, na volti zilizopimwa pande zote mbili za waya. Vipimo hivyo hivyo vichukuliwe kabla ya kununua mtambo uliotumika, maana ni rahisi kupunguza bei kabla ya kulipa kuliko baadaye. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ekskaveta ni mali ya wanachama wote.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ukosefu wa volti 5 hauthibitishi kwamba kihisi cha akseleta ni kibovu?
2. Ishara ikiwa nzuri kwenye swichi na mbaya kwenye kompyuta, fundi atafute nini?
3. Je, chama chenu kina daftari la vipimo vya mtambo? Nani hulitunza?