Mbwa Aliyenyamaza Naye Huenda Ana Kichaa

Madaktari wa mifugo nchini Kenya hutakiwa kuendelea na masomo ili leseni zao zihuishwe. Somo moja la magonjwa ya mbwa na paka linawafaa pia wakazi wa Chara: kichaa cha mbwa hakiji na ukali kila mara. Mbwa mwingine hupooza tu. Taya hulegea, udenda humchuruzika, hawezi kumeza. Mchungaji humdhania amekwamwa na mfupa, akamtia mkono kinywani kumsaidia. Virusi vimo kwenye mate hayo, na mchubuko mdogo wa kidole huwatosha kupenya.

Mbwa wa namna hiyo asiguswe; aarifiwe afisa wa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyepatwa na mate kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Pasipo na mfereji, maji yamiminwe kwa kata. Majivu si dawa. Siku hiyo hiyo aende hospitali akachanjwe, kwani dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno kupona. Paka naye huambukiza, jambo ambalo wengi husahau. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika.