Somo la 7: Kusema Kweli Ndani ya Merikebu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mdo 27, Zab 15, Dan 6:1–5, Mt 5:33–37, Efe 4:25, Kol 3:22–24.

Fungu la Kukariri: Matendo ya Mitume 27:23. (Darasa lilisome kwa pamoja kutoka katika Biblia, kisha kila mmoja alirudie bila kutazama.)

"Nahodha, leo tunaondoka?" Hilo ni swali la kila siku kwa msafiri anayetaka kuvuka kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati. Anayeuliza huenda ana mgonjwa, au samaki waliolala kwenye barafu, au barua ya kuripoti kazini kesho asubuhi. Nahodha akijibu "sasa hivi" huku anaona kabisa kwamba bahari haifai, abiria atakaa pwani akingoja, barafu itayeyuka, na kesho hata nahodha akisema kweli hataaminiwa.

Wengi wetu si manahodha. Lakini darasani mwetu yupo mwalimu mkuu, muuguzi wa zamu, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani, na mama mwenye duka aliyeajiri vijana wawili. Kila mmoja wao ana watu wanaongoja jibu lake. Juma hili tutasafiri na Paulo katika merikebu iliyovunjika, ili tuone jinsi mtu wa Mungu anavyosema na watu kazini, na kwa nini anaweza kusema hivyo.

JUMAPILI: Upepo wa Kusini Ulipovuma Kidogo

Soma Mdo 27:9–13. Ni sauti ngapi zilisikika kabla ya merikebu kung'oa nanga, na kila mmoja alikuwa na sababu gani ya kusema alivyosema?

Siku ya Kufunga ilikuwa imepita, yaani msimu salama wa kusafiri ulikuwa umekwisha. Paulo akaonya kwamba safari itakuwa na hasara. Akida hakuwa mjinga. Alifanya ambalo wakubwa wengi wa kazi hufanya: aliwasikiliza wataalamu na mwenye mali kuliko mfungwa. Nahodha alikuwa na ujuzi. Mwenye merikebu alikuwa na shehena ya ngano. Bandari ile haikuwa nzuri kwa kukaa wakati wa baridi, na wengi walitaka kuondoka.

Kisha upepo wa kusini ukavuma kidogo, na kila aliyetaka kuondoka akaona amethibitishiwa. (Wasomaji wetu wa Mafia watatabasamu hapa, maana kwao kusi ya katikati ya mwaka si upepo wa kumtuliza mtu. Katika bahari ile ya Krete mambo yalikuwa kinyume.) Haukupita muda, tufani ya Eurakilo ikashuka.

Tuone jambo moja ambalo hupita haraka katika mahubiri mengi. Hakuna mahali fungu hili linaposema kwamba nahodha alidanganya. Inawezekana aliamini alichosema. Tatizo la ofisi nyingi na shule nyingi si uongo wa wazi. Ni kwamba habari inayompendeza mwenye mali hupokelewa haraka, na habari mbaya huombwa uthibitisho mara tatu. Katika hali kama hiyo watumishi wa chini hujifunza kunyamaza. Mhasibu anajua fedha hazitoshi, fundi anajua boti inavuja, lakini kikaoni wote wanasema, "Hakuna shida, mkuu."

Mahali unapofanya kazi, ni nani aliye katika nafasi ya Paulo, mtu asiye na cheo lakini anayeona hatari? Lini mara ya mwisho ulimuuliza maoni yake?

JUMATATU: Kisiwa Kisicho na Jina

Soma Mdo 27:20–26. Paulo aliwaambia nini ambacho kilikuwa kizuri, na nini ambacho kilikuwa kibaya?

Siku nyingi jua na nyota hazikuonekana. Ingekuwa rahisi kwa Paulo kusema tu kwamba Mungu yupo na yote yatakuwa sawa. Hakusema hivyo. Alianza kwa kuwakumbusha kwamba walipaswa kumsikiliza kule Krete. Huenda tunaona kana kwamba anajisifu, lakini watu waliopotea wanahitaji kujua walipotelea wapi. Kisha akatoa ujumbe wa malaika: hakuna nafsi itakayopotea. Palepale akaongeza kwamba merikebu yenyewe itapotea, na kwamba itawalazimu kutupwa katika kisiwa fulani.

Linganisha na aya ya 10. Kule mwanzo, kwa kuona kwake, Paulo aliogopa kwamba hata maisha yao yangepotea. Sasa amepokea neno jipya, naye anasema tofauti mbele ya watu walewale, bila kuhofu kwamba wataona amebadilika. Na kisiwa hakutaja jina, kwa kuwa hakupewa jina. Hata kulipokucha, aya ya 39 inasema hawakuitambua nchi ile. Alisema alichojua, akaishia hapo.

JUMANNE: Ahadi Yenye Maana Mbili

Soma Mt 5:33–37 na Efe 4:25. Je, mtu anaweza kusema maneno ya kweli na bado jirani yake akabaki amedanganyika?

Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya namna hiyo nchini, chini ya Sheria Na. 29 ya 1994. Ina kilomita za mraba 822, na ndani yake wanaishi watu, wakiwamo wa Chole, Juani na Jibondo. Wakazi wengi waliiunga mkono mwanzoni, kwa sababu uvuvi wa baruti ulikuwa unavunja matumbawe na kuua mazalia ya samaki. Waliambiwa kwamba watashirikishwa.

Miaka ilivyokwenda, manung'uniko yalizidi, na Jibondo ikajulikana kwa kuipinga hifadhi. Christine Walley, mtafiti kutoka Marekani aliyeishi Chole miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu juu ya jambo hili mwaka 2004, alionyesha jinsi neno hilo la kushirikishwa lilivyobeba maana tofauti kwa watu tofauti. Mvuvi aliposikia "mtashirikishwa" alielewa kwamba atakuwa na sauti katika kuamua. Kwa wengine neno hilo lilimaanisha kwamba wanakijiji watasaidia kutekeleza yaliyoamuliwa.

Somo letu halina kazi ya kuhukumu upande wowote. Bahari ilihitaji kulindwa, na nyavu ndizo zilizokuwa zikileta chakula nyumbani. Lakini kila kiongozi aliyewahi kusimama mbele ya mkutano anajua utamu wa neno pana. Neno pana huleta makofi leo. Mwanakijiji huondoka na maana yake, ofisa huondoka na yake, na siku maana hizo mbili zinapokutana ufukweni, imani huvunjika, hata kama hakuna aliyetamka uongo.

"Ndiyo" aliyoifundisha Yesu haina chumba cha nyuma. Kiongozi anayetaka kuitii anaweza kugawa maneno yake mkutanoni hivi: jambo hili mtaamua ninyi, hili limekwisha kuamuliwa kisheria, nami sina uwezo wa kulibadilisha, na hili bado sijui, nitarudi Jumanne ijayo niwape jibu. Makofi yatapungua. Na Jumanne ikifika, arudi, hata kama jibu ni kwamba bado hajui.

Fikiria ahadi moja uliyoitoa kazini mwaka huu. Waliokusikia waliielewaje?

JUMATANO: Mashua ya Kutorokea

Soma Mdo 27:30–32. Mabaharia walisema wanafanya nini, na nia yao ilikuwa nini?

Walijifanya wanatupa nanga za mbele, kumbe wanashusha mashua wakimbie. Ndivyo afanyavyo mkuu wa idara anayewahimiza wenzake wavumilie, huku mkononi ana barua ya uhamisho aliyoiomba kwa siri. Paulo aliona, akamwambia akida, kamba zikakatwa.

Kuna kuondoka kwa namna nyingine. Mwaka 1976 watu waliokamatwa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwatesa yeye, lakini Januari 1977 alijiuzulu kwa kuwa yalitendeka chini ya wizara yake. Aliutamka wajibu wake hadharani, kwa hasara yake mwenyewe. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hata hivyo tusiisome habari hii kama hesabu ya faida. Zaburi 15:4 haimuahidi cheo mtu asiyebadili neno lake kwa kuogopa hasara.

ALHAMISI: Mungu Ambaye Mimi ni Wake

Soma Mdo 27:23, 33–36 na Kol 3:22–24.

Paulo hakuichagua safari ile. Alikuwa anapelekwa kuhukumiwa. Mwalimu au tabibu kutoka bara aliyepangiwa kisiwani, ambaye kila mwaka anahesabu miezi akingoja uhamisho, anaweza kumwelewa. Anaona kwamba kazi yake halisi iko mahali pengine, na hapa anapita tu.

Lakini katikati ya watu 276 waliokuwa hawajala kwa siku kumi na nne, Paulo alitwaa mkate, akashukuru mbele ya wote, akala. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake asubuhi hiyo. Alijua yeye ni wa nani, kwa hiyo hakuhitaji merikebu iwe yake ili aitumikie. Hakuwa na cheo cha kulinda, ndiyo maana ulimi wake ulikuwa huru. Na maneno ya Wakolosai 3 aliyaandika kwa watumwa, watu ambao hawakuwahi kuulizwa wanapenda kazi gani.

Jirani zetu wengi Mafia ni Waislamu, na neno amana lina uzito kwao kama kwetu. Danieli naye alifanya kazi chini ya mfalme asiye wa imani yake. Waliomchunguza walianza na hesabu za kazi, wakakosa kosa, ndipo wakageukia dini yake.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma habari za safari ya Paulo na kuvunjika kwa merikebu katika kitabu cha Ellen G. White, Matendo ya Mitume.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna habari za kazini ambazo kiongozi haruhusiwi kuzitoa, kama siri za mgonjwa. Atanyamazaje bila kudanganya?

2. Mtembeza wageni huko Kilindoni anaulizwa kama papa potwe ataonekana leo. Akisema hana hakika, mgeni atakwenda kwa mwenzake anayesema "lazima." Darasa limshauri nini, tukikumbuka ada ya shule ya watoto wake?

3. Je, uongozi wa kanisa letu la mahali hutangaza matumizi ya fedha kwa uwazi uleule tunaoudai kwa wakubwa wetu kazini?