Sufuria ya Stili Nyumbani: Inunuliwe kwa Chakula Gani?

Familia inayotaka kununua sufuria nzuri ya stili, yaani chuma cha pua kisichoshika kutu, hukuta bei yake ni mara kadhaa ya bei ya sufuria ya alumini yenye ukubwa uleule. Katika nyumba ambayo ada ya shule na mkaa vinagombea shilingi ileile, ni haki mtu aulize kama faida ya kiafya inalingana na gharama. Kijitabu hiki kinasema inalingana, kwa sufuria moja, ikiwa nzito, na ikiwa imepangiwa kazi yake. Hakuna sababu ya kiafya ya kubadilisha vyombo vyote vya jikoni.

Hatari iko wapi hasa

Sufuria ya alumini ya kiwandani, ile nyepesi inayotengenezwa kwa bamba safi la alumini, haihitaji kutupwa. Inachemsha maji upesi na kupika wali vizuri. Wasiwasi mkubwa uko kwenye sufuria nzito za kumimina, zinazotoka kwa mafundi wanaoyeyusha vyuma chakavu. Katika tanuru moja huingia vipuri vya injini, rejeta za magari, makopo na mabaki ya vifaa vya umeme. Fundi ni mtu wa bidii anayetafuta riziki, lakini kwa macho hawezi kujua kipande kipi kina madini ya risasi.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vyombo 42 vya alumini vilivyonunuliwa katika nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walichemsha ndani yake kimiminika chenye ukali kama wa siki, kisha wakapima kilichotoka. Takriban theluthi moja ya vyombo ilitoa madini ya risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi kwa mlo mmoja. Alumini yenyewe ilitoka kwa wastani unaozidi mara 6 kiwango cha siku kinachovumilika kwa mtu mzima wa kilo 70.

Madini ya risasi hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama; hivyo ndivyo linavyosema Shirika la Afya Duniani. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka kwenye kile anachomeza, na ubongo wake bado unajengwa. Mtoto aliyeathirika haonyeshi upele wala homa. Anakuwa mzito wa kujifunza au mgumu wa kutulia, na wazazi hudhani ndiyo tabia yake. Kwa mjamzito, madini yaliyojificha katika mifupa tangu zamani hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni.

Kuhusu alumini, wengi wamesikia kwamba inaleta ugonjwa wa kusahau uzeeni. Hilo halijathibitishwa, na si sababu ya kumtisha mtu. Kilicho wazi ni kwamba mwenye ugonjwa wa figo hushindwa kuitoa mwilini, kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa figo ina haki ya kuwa makini zaidi.

Chakula gani kinakula sufuria

Tazama ndani ya sufuria ya alumini iliyopikiwa makande au maharage kwa magadi kwa muda mrefu. Utaona mstari mweusi pale mchuzi ulipofikia, na chini yake vishimo vidogo vinavyokwaruza ncha ya kidole. Kilichokuwa ndani ya vishimo hivyo kimeliwa. Magadi huvunja utando unaoilinda alumini; nyanya, ukwaju, ndimu na maziwa ya mgando hufanya vivyo hivyo kwa ukali wao, na chumvi husaidia kuharibu. Chakula kikilala humo hadi asubuhi, kazi hiyo huendelea usiku kucha.

Hapo ndipo stili inapostahili bei yake. Stili ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu hukutana na hewa na kufanya utando mwembamba usioonekana, na ukikwaruzwa kwa mwiko unajirudi wenyewe. Tangu Harry Brearley alipotengeneza stili ya namna hii Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, sifa hiyo ndiyo iliyoifikisha kwenye visu vya mezani, vyombo vya hospitali na matangi ya maziwa. Mchuzi wa nyanya unaotokota saa nzima, maharage ya magadi, samaki wa ukwaju, uji wa mtoto uliotiwa ndimu: hivi vyote vipikwe kwenye stili kabla ya kitu kingine chochote.

Kasoro zake, bila kuficha

Stili haisambazi joto vizuri. Alumini inaishinda kwa zaidi ya mara 10. Sufuria nyembamba ya stili juu ya jiko la mkaa huwaka katikati na kubaki baridi pembeni, ndiyo maana ugali hushika na maziwa huungua mama akigeuka tu kumshika mtoto. Ni kasoro ya kweli, na wauzaji wengi hawaitaji.

Ya pili ni nikeli. Stili nzuri ina nikeli ya asilimia 8 hadi 10, na kiasi kidogo huingia kwenye chakula chenye ukali kikipikwa muda mrefu. Watafiti wa Marekani waliopika mchuzi wa nyanya mwaka 2013 waliona kwamba sufuria mpya ndiyo inayotoa zaidi, kisha kiwango hushuka na kutulia kuanzia mpiko wa 6 hivi. Kwa watu wengi hili si tatizo. Lakini ukiwa na mzio wa nikeli (ngozi yako huwashwa na kutoka vipele chini ya hereni za bei rahisi au kifungo cha suruali), tafuta stili isiyo na nikeli, yenye alama 18/0, na zungumza na mhudumu wa afya. Kwa wengine wote, mikutano ya kwanza ya sufuria mpya na moto iwe ya kuchemsha maji na kupika viazi au ndizi, nyanya zisubiri.

Tena stili haiongezi damu. Anayesikia neno chuma asidhani sufuria hii itamsaidia mjamzito mwenye upungufu wa damu. Vidonge vya kliniki na mlo wenye maharage, dagaa na mboga za majani viendelee kama kawaida. Wala haiui vijidudu: kiporo cha kwenye stili huharibika sawasawa na kiporo kingine, kwa hiyo kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na kipashwe moto hadi kichemke.

Ukienda sokoni

Iwe Kariakoo, Gikomba au Kongowea, anza kwa kuinua sufuria. Nzuri ina uzito, hasa kitako. Igeuze uangalie kama kitako kimeunganishwa na sahani nene. Ndani ya sahani hiyo huwekwa alumini au shaba ya kusambaza joto, na haigusi chakula. Kitako hicho ndicho dawa ya kasoro niliyoitaja. Sufuria isiyo nacho, hata ing'ae namna gani, itakuunguzia chakula, na fedha uliyolipa utaiona kila siku katika ukoko.

Tafuta alama 18/8, 18/10 au 304. Wauzaji hupenda kuonyesha sumaku, wakisema stili halisi haivutwi. Usitegemee hilo peke yake: stili ya 18/0 huvutwa na ni halali, nayo stili duni yenye manganizi mahali pa nikeli haivutwi na hushika kutu mapema. Pitisha kidole kwenye mikono na misumari yake. Penye ufa au ukingo mkali patakaa uchafu. Ukiona bei ya stili imelingana na ya alumini, iache.

Kupika na kuosha

Samaki na mayai hushika kwa sababu sufuria haijapata moto wa kutosha. Weka sufuria tupu kwenye moto wa wastani, dondoshea tone la maji. Likichemka na kukauka papo hapo, bado. Likibiringika kama ushanga, punguza moto, tia mafuta, kisha samaki aliyekaushwa kwa kitambaa. Usimguse. Akiiva upande mmoja atajiachia mwenyewe. Maziwa nayo hupungua kushika ukisuuza sufuria kwa maji baridi kabla ya kuyamimina.

Chumvi iingie maji yakishachemka, na ukoroge, kwa sababu punje zinazotulia chini ya maji baridi huchimba vishimo hata kwenye stili. Achari isihifadhiwe humo. Masizi ya kuni hutoka kirahisi ukipaka nje majivu yaliyoloweshwa kabla ya kuteleka. Ndani, loweka ukoko kwa maji ya moto, kisha tumia sponji au nyuzi za nazi. Waya wa chuma huacha mikwaruzo na vipande vinavyoshika kutu. Madoa meupe ya maji ya kisima huondoka kwa ndimu. Rangi za samawati na dhahabu zinazotokea kwa moto mkali hazina madhara. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini isiingie humo kamwe.

Sufuria ya zamani

Kama fedha inatosha sufuria moja tu, chagua ya lita 3 au 4, inayobeba mboga ya nyumba nzima, na waambie wote wanaopika nyumbani, pamoja na dada wa kazi, kwamba nyanya, ukwaju, magadi na chakula cha mtoto ni vya sufuria hiyo. Ile ya kumimina usimgawie jirani, maana atapikia watoto wake. Usiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu pia, kwa sababu itarudi kwenye tanuru na kutoka sufuria nyingine. Itoboe kitako, uitumie kuzolea majivu au kupandia maua. Mboga za kula zisipandwe humo.