Picha za Mji wa Mimba: Yafahamu Haya Kabla ya Kulipia Kipimo

Mtoto wa kike anapoumbika tumboni, mji wa mimba, yaani kizazi, huanza kama mirija miwili. Mirija hiyo huungana, kisha ukuta ulio kati yake huyeyuka na kubaki chumba kimoja. Hatua hizo zisipokamilika, mwanamke huzaliwa na kizazi chenye ukuta katikati, chenye pembe mbili au kilicho nusu. Hali hizi huwapata wanawake 5 au 6 hivi katika kila 100, wala hazitokani na laana. Wengi huzaa salama. Wengine huharibikiwa na mimba mara kwa mara au hujifungua kabla ya wakati, na hapo daktari huagiza picha.

Vipimo vilivyopo

*Ultrasaundi* hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, na ndicho kipimo cha kuanzia. Kwa mkazi wa Tumati, hupatikana wilayani Mbulu kwenyewe, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Binti ambaye hajaanza kujamiiana hupimwa juu ya tumbo. Aliyetimiza miaka 15 bila kuona hedhi, hasa akiumwa tumbo kila mwezi, apelekwe mapema. Huenda damu imezuiliwa ndani.

*HSG* ni eksirei inayopigwa baada ya dawa kuingizwa kupitia shingo ya kizazi. Kwa kuwa ina mionzi, hufanywa siku chache baada ya hedhi kwisha, ikiwa imethibitika kuwa hakuna mimba.

*MRI* haina mionzi ya eksirei na huonyesha kizazi ndani na nje. Hupatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Dar es Salaam, na gharama yake ni kubwa.

Tahadhari kuhusu upasuaji

HSG huonyesha nafasi ya ndani tu. Kizazi chenye ukuta na chenye pembe mbili huweza kufanana kabisa katika picha hiyo, ilhali tofauti iko nje: cha pembe mbili kimebonyea juu, chenye ukuta hakikubonyea. Ukuta huweza kukatwa kwa kifaa kinachopitishwa ukeni. Kizazi cha pembe mbili kwa kawaida hakifanyiwi upasuaji. Kwa hiyo usikubali kupasuliwa kwa kutegemea HSG pekee. Ulizia ultrasaundi ya 3D au MRI.

Maswali ya kumwuliza mtoa huduma

1. Kipimo hiki kitaonyesha nini ambacho cha awali hakikuonyesha?
2. Majibu yake yatabadili matibabu yangu kwa namna gani?
3. Je, figo zangu zimeangaliwa? Kasoro za kizazi mara nyingi huambatana na kasoro za figo.
4. Je, mashine ya eksirei ina leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania?

Mwisho, omba picha pamoja na ripoti yake iliyoandikwa, uvitunze nyumbani. Ukipewa rufaa, daktari atakayekupokea ataanzia hapo, nawe hutalipia kipimo kilekile mara ya pili.