Kufomati Kadi ya Kumbukumbu: Ni Kitu Gani Hasa Kinachofutika?

Kadi ya kumbukumbu ya aina ya microSD ina urefu wa milimita 15, upana wa milimita 11 na unene wa milimita 1. Kwa ukubwa ni kama ukucha wa kidole gumba, walakini ndani yake huweza kukaa picha za shule za miaka mingi, masomo yaliyorekodiwa kwa sauti na video za majaribio ya maabara. Kadi hiyo aghalabu hutiwa katika simu janja, na hutokea siku simu ikatoa taarifa kwamba kadi haisomeki, ikamtaka mwenyewe aifomati. Mwenye simu, ambaye pengine ni mwalimu wa historia aliyewarekodi wazee wa kijiji wakihojiwa na wanafunzi wake, hubaki kidole kikiwa hewani. Akikubali, je, mahojiano yale yamekwisha? Akikataa, kadi isiyosomeka ataifanyia nini? Na siku atakapoiuza simu yake pamoja na kadi iliyofomatiwa, mnunuzi hawezi kuyaona yaliyokuwamo?

Maswali haya yote yana shina moja, nalo ni tendo lenyewe la kufomati. Watu wengi hudhani kwamba kufomati ni kufuta. Ukweli ni kwamba mara nyingi ni kuandika upya daftari.

Rafu na daftari

Chukulia maktaba ya shule yenye vitabu elfu nyingi ambavyo havikupangwa kwa somo wala kwa herufi, bali kila kitabu kimewekwa palipokuwa na nafasi. Mkutubi anaijua maktaba hiyo kwa njia ya daftari moja tu, linaloonyesha jina la kitabu na namba ya mahali kilipo rafuni. Daftari hilo likichukuliwa na jipya tupu likafunguliwa, mgeni ataambiwa kwamba maktaba haina kitabu hata kimoja, ilhali vitabu vyote vipo rafuni vilevile. Vitapotea kweli pale tu vitabu vipya vitakapoletwa na mkutubi, akiamini kwamba nafasi zote ni tupu, akavitupa vya zamani ili aweke vipya.

Katika kadi ya kumbukumbu, rafu ni seli za silikoni, na daftari ni ule mpango unaoitwa mfumo wa faili. Seli hizo ni za kumbukumbu ya aina ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa mhandisi wa kampuni ya Toshiba huko Japani. Aina ya kwanza ilitangazwa mwaka 1984, na ile iitwayo NAND, ambayo ndiyo iliyomo katika kadi na flashi za leo, mwaka 1987. Ndani ya kila seli elektroni hunaswa nyuma ya utando mwembamba wa kihami, nazo hukaa humo kwa miaka hata umeme ukiwa umekatika. Seli isiyo na elektroni zilizonaswa husomwa kuwa 1. Iliyotiwa elektroni husomwa kuwa 0. (Katika seli za leo zinazobeba biti 3 kila moja, viwango vya elektroni ni vingi zaidi ya viwili, lakini kanuni ni ileile.)

Kuna jambo moja la ajabu katika utaratibu huu. Kuandika, yaani kuigeuza 1 kuwa 0, huweza kufanywa kwa sehemu ndogo ya kadi, bali kurudisha 0 kuwa 1 hakuwezekani kwa seli mojamoja. Hapana budi kitalu kizima, chenye maelfu kwa maelfu ya seli, kisafishwe kwa mpigo mmoja. Mwenzake Masuoka, Shoji Ariizumi, aliona kwamba kufutika huko kwa ghafla kunafanana na mmweko wa taa ya kamera, na ndipo jina la flashi lilipotoka. Kila kusafishwa huuchakaza ule utando wa kihami kidogo kidogo, na kwa sababu hiyo kidhibiti kilichomo ndani ya kadi hukwepa kusafisha vitalu bila ya haja, tena huzihamisha data huku na huko ili vitalu vichakae kwa usawa.

Hesabu ya daftari

Mfumo wa faili uitwao FAT ulianza mwaka 1977 katika kampuni ya Microsoft, mtungaji wake akiwa Marc McDonald. Toleo lake la FAT32, lililotolewa mwaka 1996, lingali linatumika katika kadi ndogo. Mfumo huu huigawa kadi katika mafungu yaliyo sawa, na kila fungu hupewa mstari mmoja katika jedwali. Mstari huo wa baiti 4 hueleza kama fungu ni tupu, na kama si tupu, faili iliyomo inaendelea katika fungu namba ngapi.

Mwanafunzi anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Kadi ya gigabaiti 32 ina baiti 32,000,000,000. Mafungu yakiwa ya baiti 32,768 kila moja, kama ilivyo desturi kwa kadi za ukubwa huo, idadi yake ni 976,562. Mara 4, jedwali linachukua baiti 3,906,248. FAT32 huweka nakala mbili za jedwali kwa usalama, kwa hiyo jumla ni baiti milioni 7.8 hivi. Kufomati kwa njia ya haraka ni kuyaandika upya majedwali hayo pamoja na ukurasa wa kwanza wa orodha ya majina ya faili. Katika kila baiti 4,096 za kadi, ni 1 tu iliyoguswa.

Muda wenyewe unatoa ushahidi. Kadi ya daraja la 10 huahidi kuandika baiti zisizopungua milioni 10 kwa sekunde. Kwa mwendo huo majedwali huandikwa kwa muda usiotimia sekunde moja. Kuiandika kadi nzima, kwa upande mwingine, kungehitaji sekunde 3,200, yaani dakika 53 na ushei. Kwa hiyo mtu aliyeifomati kadi ya gigabaiti 32 na kuona kazi imekwisha kabla hajameza mate, na ajue kwamba rafu hazikuguswa.

Kuokoa yaliyomo

Sasa mwalimu wa historia anaweza kujibiwa. Taarifa ya simu kwamba kadi haisomeki mara nyingi ina maana kwamba daftari limeharibika, labda kwa sababu kadi ilichomolewa wakati wa kuandikwa au betri ilizimika katikati ya kazi. Asikubali kufomati kwa haraka. Azime simu, aitoe kadi na kuiunganisha na kompyuta kwa kisoma-kadi. Kompyuta nayo ikitaka kufomati, aikatalie. Kisha itengenezwe nakala kamili ya kadi, baiti kwa baiti, na kazi yote ifanyike juu ya nakala hiyo.

Iwapo ameshakubali, bado tumaini lipo, kwa sharti moja: asiandike chochote kipya katika kadi hiyo, hata picha moja. Zipo programu za kuokoa faili ambazo hulipuuza daftari na kuzisoma rafu zenyewe. Mojawapo ni PhotoRec, ambayo hupatikana bure. Programu ya namna hiyo hutafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya aina ya JPEG, kwa mfano, huanza kwa baiti 255, 216 na 255, na huishia kwa baiti 255 na 217. Popote alama hizo zinapoonekana, pana picha. Majina ya faili hayarudi, maana yalikuwa katika orodha iliyofutwa, na video ndefu iliyotawanyika katika mafungu yaliyo mbalimbali huweza kurudi ikiwa vipande. Kadhalika, baadhi ya simu zinapofomati huiamuru kadi ivihesabu vitalu vyote kuwa vitupu, na baada ya amri hiyo programu za kawaida huenda zisione kitu. Uokozi si jambo la kuahidiwa.

Upande wa pili wa sarafu hii haupendezi. Kile kinachomsaidia mwalimu kinamsaidia vilevile mgeni. Shule inayogawa simu zake za zamani, zikiwa na kadi zilizokuwa na matokeo ya mitihani, taarifa za afya za wanafunzi na picha za vyeti, haikuzilinda siri hizo kwa kuzifomati kwa haraka. Kadi inayotoka mikononi mwa shule yafaa iandikwe juu yote. Katika kompyuta zenye Windows, kuanzia Vista ya mwaka 2007, kufomati kusiko kwa haraka huandika sifuri kila mahali. Katika matoleo ya kabla yake kulikagua tu sehemu mbovu. Chama cha watengenezaji wa kadi za SD nacho kina programu yake ya kufomati, yenye chaguo la kuandika juu ya kadi nzima. Hata hivyo, kwa kuwa kidhibiti huweka vitalu vya akiba visivyofikiwa kutoka nje, siri nzito kweli haziaminiwi kwa njia hiyo. Kadi ya namna hiyo ikatwe kwa mkasi, nao upite katika kipande cha silikoni chenyewe.

Mfumo upi kwa simu ipi

Kwa kadi zinazozidi gigabaiti 2 lakini zisizozidi gigabaiti 32 kanuni za SD zimeweka FAT32. Kwa kadi za SDXC, zilizotangazwa mwaka 2009, ambazo huanza juu ya gigabaiti 32 hadi terabaiti 2, mfumo uliowekwa ni exFAT. Tofauti yao huonekana siku ya mahafali. FAT32 huandika ukubwa wa faili kwa biti 32, kwa hiyo hakuna faili inayoweza kuzidi baiti 4,294,967,295. Simu inayorekodi baiti milioni 2 kwa sekunde huufikia ukomo huo kabla dakika 36 hazijatimia, na kama haikuundwa kuanza faili mpya yenyewe, kurekodi husimama, pengine mgeni rasmi akiwa bado anahutubia. exFAT haina kikwazo hicho. Hasara yake ni kwamba kwa kawaida huweka jedwali moja tu badala ya mawili, hivyo huvumilia kidogo zaidi uchomoaji wa kihuni. Tena, simu na redio za zamani haziifahamu kabisa. Kadi ya gigabaiti 64 ikitiwa katika simu ya namna hiyo, simu itasema kadi haisomeki na kutaka kuifomati, ilhali kadi ni nzima na kila kilichomo kipo salama. Basi kabla ya kuilaumu kadi, ijaribiwe katika simu nyingine.

Kanuni iliyo nyepesi ni kuifomati kadi katika chombo kitakachoitumia. Katika simu nyingi za Android zenye nafasi ya kadi, njia hupita katika Mipangilio, kisha Hifadhi, kisha jina la kadi yenyewe. Baadhi ya simu, tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, huuliza swali la ziada: je, kadi itumike kama hifadhi ya kuchukulika au kama sehemu ya ndani ya simu? Swali hili lastahili kufikiriwa kuliko yote. Kadi iliyofanywa sehemu ya ndani huandikwa kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo hilo umo katika simu ileile. Haisomeki katika kompyuta wala katika simu nyingine, na simu ikirudishwa katika hali ya kiwandani ufunguo hupotea pamoja na kila kilichomo. Kwa kazi za shule, chaguo la kuchukulika ndilo la busara.

Msomaji huenda akashangaa pia kwamba kadi ya gigabaiti 32, ikishafomatiwa, kompyuta huitaja kuwa ya 29.8. Hakuna kilichoibwa. Mtengenezaji huhesabu bilioni kwa bilioni, ilhali Windows hugawanya kwa 1,073,741,824.

Wizi wa kweli upo kwingine. Kuna kadi za bandia ambazo kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo: ndani mna gigabaiti 8, lakini hujitambulisha kuwa ni 128. Kadi hiyo hukubali kufomatiwa bila ya malalamiko, na sababu sasa ni dhahiri, kwani kufomati kwa haraka huandika sehemu ya mwanzo tu, nayo ipo. Uongo hubainika baada ya gigabaiti 8 kujaa, wakati mwenyewe amekwisha hamishia humo picha zake na kuzifuta katika simu. Njia ya kuitambua ni kuijaza kadi hadi mwisho kwa data zinazojulikana, kisha kuzisoma na kuzilinganisha. Programu ya bure iitwayo F3 hufanya hivyo.

Darasa lenye kompyuta moja na kadi ya zamani isiyo na siri laweza kuyathibitisha mengi ya haya kwa vipindi viwili. Kadi ijazwe picha 20 za majani ya miti ya shuleni, ifomatiwe kwa njia ya haraka huku mwanafunzi mmoja akihesabu sekunde, kisha PhotoRec iendeshwe na picha zilizorudi zihesabiwe. Baada ya hapo ifomatiwe tena kwa njia ya polepole, na jaribio lirudiwe. Wanafunzi waandike muda wa kila njia, na kutokana na muda wa njia ya pili wakadirie kadi yao huandika baiti ngapi kwa sekunde.