Mpangilio wa Lugha katika Programu za Kuandikia: Mfano wa Matini za Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umeelekea zaidi kwenye istilahi: kitu hiki kiitweje, amri ile itafsiriweje. Mjadala huo umezaa matunda. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, menyu ni sura ya nje tu. Swali la ndani zaidi ni hili: programu huijuaje lugha ya maneno yanayoandikwa, na hufanya nini isipoijua?

Madhumuni ya makala hii ni kulichunguza swali hilo kwa kutumia matini za Ifakara na Bonde la Kilombero. Hoja yetu ni kwamba mpangilio wa lugha ni sifa ya kila kipande cha matini, wala si sifa ya mashine, na kwamba programu iliyobuniwa vyema sharti itofautishe kosa la mwandishi na ujinga wake yenyewe.

2.0 Hali ya Lugha Bondeni

Kiswahili ndiyo lugha ya ofisi, soko na shule za msingi Ifakara. Pamoja nacho husemwa Kipogoro na Kindamba, ambavyo katika uainishaji wa Guthrie ni G51 na G52, Kimbunga (P15), Kibena, Kihehe na Kingoni. Wafugaji waliohamia bondeni wameleta Kisukuma, Kimaasai na Kibarbaig. Kiingereza nacho kina nafasi yake, hasa katika utafiti wa afya, ambao chimbuko lake ni maabara iliyoanzishwa na Rudolf Geigy wa Uswisi mwaka 1957 na ambao leo huendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara.

Kwa hiyo si ajabu waraka mmoja ukawa na muhtasari wa Kiingereza, fomu ya ridhaa ya Kiswahili, na maelezo ya mzee yaliyonukuliwa kwa Kindamba. Mwandishi hupita kutoka lugha moja hadi nyingine bila taabu. Programu haipiti naye isipoelezwa.

3.0 Matatizo Yanayojitokeza

3.1 Usahihishaji wa lugha isiyohusika

Programu nyingi huanza kazi zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza. Katika hali hiyo, sentensi "Njia i wazi hadi Mlimba" hugeuzwa kuwa "Njia I wazi hadi Mlimba", kwa kuwa herufi hiyo ikisimama peke yake huchukuliwa kuwa kiwakilishi cha nafsi ya kwanza cha Kiingereza. Kiambishi cha upatanisho wa kisarufi kimeharibiwa, na mwandishi hakuulizwa.

3.2 Orodha ya maneno na mofolojia

Kuchagua Kiswahili hakumalizi tatizo. Ukaguzi wa tahajia unaotegemea orodha ya maneno hauwezi kumudu kitenzi cha Kibantu. Tuchukue mzizi -pik-. Viambishi sita vya nafsi na vinne vya njeo na hali (-na-, -li-, -ta-, -me-) hutupa miundo 24. Tukitumia maumbo manne ya kitenzi (pika, pikia, pikisha, pikwa) tunapata 96. Bado hatujagusa ngeli, yambwa, ukanushi wala urejeshi. Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeanza kuunda mfumo wa SALAMA mwaka 1985, aliegemea mofolojia ya ngazi mbili ya Koskenniemi (1983), ambayo huchanganua neno kwa kanuni badala ya kulitafuta zima zima orodhani.

3.3 Alama ya ng'

Mang'ula ni mji uliomo katika wilaya ya Kilombero. Alama iliyo katikati ya jina hilo yaweza kuandikwa kwa mkato ulionyooka, kwa mkato uliopinda, au kwa herufi maalumu iliyotengwa na mfumo wa Unicode. Jicho huona jina moja. Programu isiyoandaliwa huona majina matatu. Anayetafuta kaya za Mang'ula katika daftari la kompyuta huweza kukosa nyingi asijue kwamba amezikosa.

3.4 Saa na sarafu

Kwa miaka mingi mfumo wa Windows ulikuwa na Kiswahili cha Kenya pekee, hivyo Mtanzania aliyechagua lugha yake alipewa na shilingi ya Kenya. Tatizo la saa ni zito zaidi. Kutafsiri vitambulisho vya nyakati za siku bila kugusa tarakimu huzaa maandishi kama "9:00 asubuhi" kwa kliniki inayoanza saa 3 asubuhi. Msomaji wa Kiswahili akisoma saa 9 hufikiria alasiri, na mama aliyetoka mbali na mtoto wake huenda akafika kliniki imekwisha fungwa.

3.5 Lugha zisizo na kikaguzi

Tatizo kubwa kuliko yote lahusu Kindamba, Kipogoro na Kimbunga. Matini hizo zikiwekwa chini ya Kiswahili, karibu kila neno hupigiwa mstari mwekundu, isipokuwa yale yanayofanana na ya Kiswahili. Mstari huo unasema "kosa" mahali ambapo ukweli ni "silijui". Mwandishi asiye na kamusi wala sarufi ya kutegemea huanza kulisogeza neno la mzee kuelekea umbo ambalo mashine italikubali. Hivyo data ya isimu huharibika kabla haijamfikia mwanaisimu, na lugha husanifishwa na chombo kisichoijua.

4.0 Mapendekezo

Kutokana na uchunguzi huu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, lugha ya menyu, mpangilio wa kibodi, lugha ya matini, na kanuni za eneo (tarehe, saa, sarafu) yawe machaguo manne yanayojitegemea. Anayependa menyu za Kiingereza asilazimike kuandika kwa Kiingereza.

Pili, lugha ya matini ifungamanishwe na neno, sentensi au aya, na ibaki nayo inaponakiliwa kwingine.

Tatu, kila lugha iweze kutajwa hata kama haina kikaguzi. Kiwango cha ISO 639-3, kilichotolewa mwaka 2007, kina msimbo ndj kwa Kindamba, poy kwa Kipogoro na mgy kwa Kimbunga. Programu iupokee msimbo, iuhifadhi, kisha inyamaze. Ukimya huo si upungufu, ni uaminifu. Aidha, matini zilizowekewa misimbo ndizo zitakazowezesha kuundwa kwa kikaguzi baadaye, kwani zaweza kukusanywa bila kuchanganywa na Kiswahili.

Nne, ofisi iweze kutunza orodha moja ya majina ya vijiji, watu na mbegu, itumiwe na waandishi wake wote. Jina la mpunga kama Kaling'anaula lisipigiwe mstari kila siku katika bonde linalolilima.

5.0 Hitimisho

Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza mwaka 2001 na kutoa atlasi yake mwaka 2009, ulituonyesha lugha zetu zinasemwa wapi. Hatua inayofuata ni kuhakikisha kwamba zikiandikwa zinabaki kama zilivyosemwa. Kazi hiyo si ya wahandisi peke yao. Kueleza mipaka ya neno, hadhi ya ng' na kanuni za saa ni kazi ya wanaisimu, nao wasipoifanya, itaamuliwa na chaguo lililowekwa kiwandani.