Siri ya Biashara ni Amana

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: jua, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa amana si fedha tu. Khabari uliyoaminiwa kwa ajili ya kazi nayo ni amana, na kutimiza amana ni faradhi kwa amri iliyomo katika Sura An-Nisaa, aya ya 58.

SWALI: Zaid ni mfanya biashara wa Mwanza, anunua mabondo ya sangara kwa wavuvi wa ziwa na kuyauza Uchina. Karani wake, Bakari, alinakili kwa siri daftari la wanunuzi na bei zao, akampelekea Amru, mwenye biashara kama ile. Je, Zaid aweza kudai?

JAWABU: Naam. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, wakala na mwajiriwa ni waaminiwa. Hawadhamini kilichopotea ila wakipituka mpaka. Na kunakili daftari kwa ajili ya mshindani ni kupituka mpaka. Amru naye, akiijua asili ya khabari ile kisha akaitumia, ni mwenziwe katika dhambi.

Ama mahakama za serikali, Tanzania hufuata misingi ya sheria ya Kiingereza iliyokuwako tarehe 22 Julai 1920, pale sheria ya nchi inaponyamaza. Kabla ya tarehe hiyo, mwaka 1895, ilitolewa kule Uingereza hukumu ya Robb na Green. Msimamizi alinakili kwa siri majina ya wateja wa tajiri wake, kisha akafungua biashara yake mwenyewe. Mahakama ikahukumu kuwa amekhini.

Lakini tanabahi! Si kila alijualo karani ni siri ya tajiri. Kampuni ya Faccenda Chicken ilimdai Fowler, aliyekuwa meneja wake wa mauzo, kwa kuwa aliuza kuku kwa wateja wale wale. Kampuni ikashindwa, hakuwa amefungwa na sharti la kutoshindana, na ayajuayo yalihesabiwa kuwa ni katika ujuzi wa kazi yake.

Basi bei itajwayo hadharani mwaloni Kirumba si siri ya mtu, na Zaid akimzuilia Bakari riziki ya ziwa kwa kuwa tu ameijua kazi, Zaid ndiye dhalimu.

Kwa hiyo tajiri na aandike masharti mapema, kama tulivyoamrishwa kuandika deni. Na karani aondoke na ujuzi wake, aliache daftari. Mwenye kudai asipokuwa na ushahidi hushindwa, walakini aliyekhini asifurahi: hakimu huhukumu kwa yaliyo dhahiri, na Mwenyezi Mungu ayajua yaliyofichwa.

Wallahu aalam.